Jaji Aliyejitoa

Basi la Chanika lilikuwa nusu tupu mchana ule, lakini Bibi Anjelina alikwenda kubanana na Isack, karani wa mawakili, kwa sababu kijana huyo alivaa tai na alikuwa na uso wa kulalamikiwa. Hakuwa akimjua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwanangu, natoka mahakamani. Yule jaji alikuwaga wakili wangu. Akawa mbunge wetu, anakula ugali kwangu. Leo jaji, kesi ya kiwanja changu imefika mezani kwake, kumbe anajitoa!"

"Sheria inamtaka ajitoe. Angebaki, wangesema anakupendelea."

"Si ndicho nilichokuwa nataka?"

Wakacheka wote wawili, ila kicheko cha bibi kiliisha mapema. "Alisema mbele ya watu: mama huyu amenilisha, siwezi kumhukumu."

"Basi hajakutupa."

"Najua." Akajifuta macho kwa pembe ya khanga. "Lakini huyo watakayemleta, atajua kwamba ile nyumba iliyo kwenye kiwanja tuliijenga mie na marehemu, kwa mikono yetu?"

"Hatakujua kabisa, bibi. Ndiyo haki yenyewe."

Basi likasimama. Bibi Anjelina akamshika mkono, akachelewa kuuachia.

"Basi haki hiyo mwenzio naiogopa," akasema, akashuka.