Mtu wa Kunywa Naye: Wasifu wa Marehemu Parmuat ole Kasaine

Parmuat ole Kasaine alizaliwa tarehe 14 Aprili 1968 huko Isinya, kitinda mimba wa mzee Kasaine na mama Noonkipa.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani hadi darasa la saba, mwaka 1983. Hesabu aliipenda, kukaa ndani ndiko kulikomshinda.

Kisha akawa moran, kijana shujaa wa Kimaasai, akafunzwa kwamba kijana hali wala hanywi bila mwenzake wa rika. Funzo hilo hakulisahau. Alipofanya biashara ya ng'ombe, akinunua soko la Kajiado na kuuza Kitengela, alimwita yeyote aliyepita aje wanywe chai pamoja. Mara nyingine chai ilipoa akingoja mpita njia.

Alifunga ndoa na Roda tarehe 10 Desemba 1994, kanisani Kitengela. Mungu akawajalia Kakenya na Oscar.

Tarehe 9 Machi 2021 fahali alimpiga kikumbo juu ya lori, akaanguka, uti wa mgongo ukavunjika. Daktari alisema waziwazi kwamba hakuna mti uliothibitishwa kuponya mishipa ya fahamu iliyoumia. Roda alisikia, akaitikia, kisha hata hivyo akachemsha supu ya mifupa na magome ya olkiloriti, mti wa dawa wa Kimaasai, akitumaini walau italinda mishipa iliyobaki nzima. Mwanzoni marafiki walijaa chumbani, kila mmoja na mzizi wake. Baadaye simu zikapungua, hodi zikakoma. Jioni moja Parmuat alikataa kikombe.

"Dawa niko nayo, Mama Kakenya," alisema. "Mtu wa kunywa na mimi ndiye sina."

Roda, ambaye hata harufu ya mti ule ilimshinda, alileta kikombe cha pili, akaketi kitandani, akanywa. Alivyokunja uso, Parmuat alicheka hadi akapaliwa. Miguu haikupata nguvu tena. Lakini tangu hapo walikunywa wawili, kila jioni.

Alifariki Jumapili tarehe 2 Februari 2025, nyumbani Kitengela, baada ya kuugua maambukizi ya figo. Ameacha mjane, Roda, wanawe Kakenya na Oscar, na dada yake Rachel wa Kajiado.

Kwa agizo lake, leo imepikwa supu ya olkiloriti. Marafiki, wengi wenu hatukuwaona kitambo. Karibuni, ipo ya kutosha. Ila tangu Jumapili ile Roda hutoa vikombe viwili na kunywa kimoja. Mmoja wenu aketi naye jioni ya leo, mwingine kesho.

Parmuat apumzike kwa amani, akijua Roda hanywi peke yake.