Mama Fuatino Tausagi, Aliyewatandikia Waliochukuliwa na Bahari (1938–2019)

Tunayemsindikiza leo, Mama Fuatino Tausagi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa kijijini Vaitolo, pwani ya kusini ya kisiwa cha Upolu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Tausagi na mama Salote. Wasifu huu umeandikwa na Moelagi, binti wa kaka yake, aliyeishi naye miaka ishirini, na kuna mambo humu ambayo Moelagi mwenyewe angetamani asingeyaona.

Alisoma shule ya mchungaji mpaka darasa la sita. Alitoka akijua kusoma, kuhesabu na kubishana, na hilo la tatu hakufundishwa na mtu. Kazi yake ilikuwa kusuka mikeka laini, ile ya arusi na misiba, ambayo mmoja humla msukaji miaka miwili. Mwanafunzi wake akikosea mstari mmoja, aliifumua kazi ya wiki nzima, kisha akampikia magimbi kwa tui la nazi ili asilie.

Tarehe 5 Agosti 1961 alifunga ndoa na Pesamino, seremala na shemasi wa kanisa, aliyefariki mwaka 2003. Walijaliwa watoto wawili: Iosua, anayeishi Auckland, na kitinda mimba Sinapati, aliyezaliwa mwaka 1978, wazazi wakiwa wameshakata tamaa.

Asubuhi ya Jumanne, 29 Septemba 2009, ardhi ilitikisika, kisha bahari ikaja. Sinapati alikuwa ameshuka pwani kununua samaki. Hakuonekana tena, yeye na watu wengine tisa wa kijiji chetu.

Asiyezikwa hutangatanga, na Mama Fuatino hakuweza kulivumilia hilo. Siku ya nne, naye mwenyewe hajatia kitu tumboni, alichukua kitambaa cha gome la mti alichoachiwa na bibi yake, akakitandika mchangani, akamwita jirani yake Lotomau, aliyempoteza mwanawe wa miaka saba. Wakakaa kumngojea mdudu yeyote atakayepanda juu yake, maana huyo ndiye roho ya mtu wao. Kaa mdogo alipotokea tu, Lotomau alimrukia.

"Mwachie!"

"Ni yeye, Mama! Ni yeye!"

"Anafukuzwa kwanza. Akija tena, anafukuzwa tena. Anayetaka kwenda nyumbani atarudi mara ya tatu. Kwani wazee wako walikufundisha nini, wewe?"

Walimfukuza mara mbili. Mara ya tatu kaa alitembea hadi katikati, akakunja miguu, wala hakusogea hata walipomfunga. Upepo ulikuwa umekatika kabisa. Walimzika mbele ya nyumba ya Lotomau kwa wimbo na sala, kama azikwavyo mtoto, na Lotomau akapata usingizi.

Mchungaji alikemea kanisani kwamba hayo ni mambo ya giza. Jumatano iliyofuata alikuja uani, kofia mkononi.

"Mama Fuatino, na mimi nina mtu. Mama yangu mzazi."

"Na giza je, Mchungaji?"

"Usinitanie leo, Mama."

Hakumtania tena. Alibeba kitambaa, akatangulia. Aliyekuja safari hiyo alikuwa panzi.

Aliwatandikia wote tisa, na wote wakaja. Binti yake hakumtandikia. Watu walipomuuliza alisema Sinapati ni mbishi tangu tumboni, hawezi kuja kwa kuitwa. Moelagi peke yake ndiye aliyeambiwa ukweli, siku moja wakimenya ndizi: "Nikimtandikia akaja, basi amekufa. Wewe ungetandika?"

Mwaka 2016 sukari ilimshika, na mwaka jana ikauchukua mguu wake wa kushoto. Tarehe 2 Mei mwaka huu aliamka akasema, "Nipeleke pwani. Na kitambaa." Moelagi alimsukuma kwa kiti cha magurudumu, akamtandikia kitambaa mchangani. Walikaa tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Kaa walitoka mashimoni kwa makumi. Walifika ukingoni mwa kitambaa pande zote, wakasimama hapo kama watu waliofika mlangoni pa nyumba yenye wenyewe. Hakupanda hata mmoja. Hata sisimizi hakupanda.

Moelagi alianza kulia. Shangazi yake alikuwa anatabasamu.

"Umeona? Hayupo."

"Hayupo wapi, Shangazi?"

"Kwa wafu. Ukiniandikia wasifu, umwandike kwa walio hai. Na kaka yako Iosua asikupande kichwani."

Alifariki nyumbani kwake Alhamisi, 9 Mei 2019, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka themanini na mmoja. Iosua alitaka jina la dada yake liwekwe pamoja na waliotangulia. Yeye na Moelagi walibishana siku tatu. Moelagi hajui lililo kweli, lakini anajua aliyoagizwa.

Marehemu ameacha mwana mmoja, Iosua, wajukuu watano, Moelagi, binti wa kaka yake, na binti mmoja, Sinapati, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja.

Pumzika kwa amani, Shangazi. Kumngoja sasa ni zamu yetu.