Marehemu Danson Buya na Ndama Asiyeshiba

Baba yetu, Mzee Danson Buya, alizaliwa kijijini Wema tarehe 4 Machi 1941, mtoto wa pili wa wakulima wa mpunga kando ya Mto Tana. Alisoma hadi darasa la nane. Bibi, mama yake, alikuwa akisema kuwa kila msimu wa mavuno alichelewa shule, kwani hakubanduka jikoni kabla hajaonja wali mpya.

Mwaka 1963 aliajiriwa na idara ya mifugo, Garsen, akastaafu 1996. Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na Huka, mfugaji wa Kiorma, ambaye leo tuko naye hapa. Mwaka 1974 Huka alimletea ndama aliyeng'atwa shingoni na fisi.

"Danson, hii ndama nanyonya, nanyonya, hapana shiba!"

Baba akamtazama. Maziwa yalikuwa yakimwagika nje kupitia kidonda, hayafiki tumboni. "Ulimi umepata, tumbo halijapata," akasema. "Sasa nani atamwambia atosheke?" Akamshona. Kidonda kilipofunga, ndama alinyonya, akaacha titi mwenyewe, akalala. Kisa hicho Baba alikisimulia harusini, matangani, hata kanisani alipopewa dakika mbili za matangazo.

Alifunga ndoa na mama yetu, Gladys, tarehe 14 Desemba 1968. Hakuwahi kuusifu wali wake kwa maneno. Alisogeza sahani tu, aongezwe.

Mapema mwaka 1998, baada ya mafuriko ya El Nino, chakula kilianza kumkwama. Hospitalini Mombasa waliona saratani kwenye koo la chakula. Akawekewa mpira tumboni, uji ukapitia huko. Njaa hakuwa nayo, alikuwa na hamu, na hamu hiyo ilituumiza sote.

"Mama Lois, tumbo limeshiba," alikuwa akimwambia Mama, "lakini ulimi unauliza chakula kiko wapi."

Alitamani kitu kimoja: wali wa shamba lake, lililokuwa limezama, kwa maziwa ya ng'ombe wa Huka.

Mpunga wa kwanza baada ya mafuriko tuliuvuna Agosti hii ya 1999. Huka akaleta maziwa, Mama akapika. Baba alitafuna taratibu, amefumba macho, kisha akatema bakulini, maana haukuweza kupita. Akaomba tena. Na tena.

"Huka," alisema akicheka, "mimi sasa ndiye yule ndama."

Huka hakucheka. "Wewe kula tu, rafiki yangu. Mimi nashika bakuli."

Baba aliaga dunia kesho yake, Alhamisi tarehe 12 Agosti 1999, nyumbani kwake Wema.

Ameacha mjane, Gladys, watoto, mimi Lois, Tom na Metrine, wajukuu wanne, na rafiki yake Huka. Gunia la mpunga mpya liko jikoni, na hakuna aliye na hamu nalo.

Baba, pumzika kwa amani. Na huko uliko, ushibe.