Mweka Hazina Asiyekuwa na Mshahara

Marehemu binti yetu, ambaye watoto wa kituo alichokitumikia walimwita Mama Funguo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, mtoto wa pili wa mama mshonaji na baba fundi bomba, akamaliza kidato cha nne mwaka 1997, akachukua cheti cha uhasibu, akaajiriwa katika duka la vifaa vya ujenzi, akaolewa mwaka 2004 na kujaliwa watoto wawili.

Mwaka 2012 aliacha duka akawa mweka hazina wa kituo cha watoto wenye ulemavu wa viungo, kilichoendeshwa kwa michango ya wazazi katika vyumba viwili vya kupanga, na mfadhili alipotaka shirika lenye gharama ndogo za uendeshaji, mwenyekiti wa kamati ya kituo alimwomba aandike sifuri mahali pa mshahara wake, akisema, "Dada yangu, mwaka mmoja tu, pesa ikiingia tutakuweka sawa," naye akaandika.

Pesa iliingia, ikajenga uzio, ikanunua gari, ikalipia semina za hotelini, lakini kila alipodai chake aliambiwa mfadhili ameshazoea ile sifuri, akiona tarakimu atashtuka, hivyo miaka kumi na moja alikula kwa mshahara wa mumewe na cherehani ya mama yake, huku ripoti zikimsifu kwa picha ya rangi.

Septemba 2023 figo zilianza kumsumbua, na kwa kuwa kwenye makaratasi hakuwa mfanyakazi, hakuwa na bima, hata gari la kituo alinyimwa kwa madai kwamba ni la mradi, akapelekwa hospitali kwa pikipiki ya jirani, akafariki tarehe 2 Februari 2024.

Jana mwenyekiti alikuja kutuomba tusome katika wasifu huu kwamba marehemu alijitolea. Mama yake, bila kuacha kuchambua mchele wa wafiwa, alimjibu, "Anayejitolea huamua mwenyewe, baba. Huyu mliamua ninyi. Sema hamkumlipa, nitakuitikia." Basi tunasoma hivi: hakulipwa.

Mpishi na mlezi wa kituo, waliokaa pale nyuma, nao wameandikiwa sifuri, na bajeti ya mwaka huu haijasainiwa. Wanakamati, rambirambi yenu tumeipokea, sasa waandikieni hawa mshahara.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliochanga bila kuombwa, mwenye pikipiki, na wazazi wa kituo waliomwosha na kumgeuza kitandani.

Ulifanya kazi, mwanetu. Pumzika.