Mashine ya Marehemu Kaka Iliyojichezea

Jumamosi, mwezi wa saba. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, na upepo wa hapa Ipogolo unaingia mpaka kwenye mifupa.

Ndugu zangu, asifiwe Bwana anayemtoa mtu kwenye hofu! Naandika kwanza, maana kesho nikisimama mbele yenu kushuhudia nitatetemeka na kusahau. Shule yangu ni ndogo, mnivumilie.

Mnakijua chumba changu cha gemu, kile cha mbele ya nyumba yangu, pale barabarani. Zile mashine za kutumbukiza sarafu zilikuwa za marehemu kaka yangu, alizileta kutoka Mbeya. Alipofariki niliacha kulima vitunguu Ruaha Mbuyuni, nikaja kuzisimamia. Wakati huo vijana walipanga foleni, mashine hazipoi. Kisha zikaja simu zenye gemu. Siwalaumu, hata mimi ninayo. Mashine zikafa moja moja, ikabaki ile ya ndege za vita, aliyoipenda kaka. Siku nzima haiguswi.

Ndipo ikaanza kujichezea! Ndugu zangu, nimekaa peke yangu, mchana kweupe, naona ndege inapaa, inakwepa, inapiga risasi, na kile kirungu cha kuiendeshea hakuna aliyekishika. Nikasema ni kaka. Amekasirika kwamba nimeiua kazi yake. Chakula kikawa hakipiti. Majirani nao wakasema nafuga msukule, jana wakaapa kwamba leo wataichoma mashine pamoja na chumba. Sikuwa na hakika kama wangeishia kwenye chumba. Sitawataja. Ningekuwa wao, labda na mimi ningeogopa.

Leo amekuja mama Neema, kiongozi wetu wa maombi, na wamama wenzake. Majirani wamejaa mlangoni. Wakaomba mpaka sauti zikakauka. Mashine ikatulia. Halafu ndege ikapaa tena! Mama mmoja alikimbia akaacha kiatu.

Mama Neema akaitazama, kisha akaniomba sarafu.

"Baba Upendo, nisameheni wote," akasema. "Kabla sijaokoka nilikuwa nashinda kutwa kwenye gemu kule Mbeya. Hii isipochezwa inajichezea, inaita wateja. Zamani haikupata nafasi."

Akatumbukiza, akashika kirungu, ndege ikamtii.

Jirani aliyeongoza habari ya moto akasema, "Kumbe mama wa maombi unalenga hivyo?" Watu wakacheka, naye akaomba ajaribu.

Kuna watakaosema huu si muujiza, ni mashine tu. Labda, sijui. Ila mama huyu angeweza kukaa kimya akalinda heshima yake, na mimi nikachomewa. Bwana ndiye aliyemfungua kinywa! Biashara haijafufuka, nisiwadanganye. Walipoondoka chumba kilibaki kitupu. Lakini wewe unayeogopa kitu ndani ya nyumba yako, usikae nacho peke yako. Mwite Bwana, uwaite na watu wake.

Jioni tumekula ugali, maharage na majani ya maboga. Chumba cha pili ndege ilikuwa inapaa yenyewe, inaita. Mke wangu akaniongezea mboga. Hakuna aliyeinuka kwenda kuizima.