Muuguzi Chien Yueh-tao na Pua ya Bwana Kang

Tarehe 30 Juni, Muuguzi Chien Yueh-tao anastaafu baada ya miaka thelathini na sita katika vyumba vya upasuaji vya hospitali yetu, ukiacha miezi kumi na moja ambayo utawala uliniomba nisiitaje. Nilipomuuliza mwenyewe, alinijibu, "Ukiiruka hiyo, basi usiandike kabisa."

Ni mtoto wa tano wa wakulima wa vitunguu saumu. Alipoanza kazi alikuwa mfupi kiasi cha kusimama juu ya kigoda ili aifikie meza ya vifaa. Madaktari walimtania, "Kigoda kimeshaingia, mtu yuko njiani." Alicheka nao. Siku hizo alicheka sana.

Katika mwaka wake wa kumi na moja aliletwa Bwana Kang Tien-ting, dereva wa lori la mboga, mwenye saratani ya shavu. Alikuwa ametafuna popoo, zile kokwa za tambuu, tangu ujana. Kwa kuwa kazi yote ilikuwa mdomoni, mpira wa kupumulia ulipitishwa puani, ukakunjwa juu kuelekea kwenye paji la uso na kubanwa kwa plasta. Niliufunga mimi, muuguzi wa dawa za usingizi siku ile. Niliukaza kuliko ilivyohitajika, ili usimsumbue daktari wa upasuaji.

Upasuaji ulichukua saa kumi na tatu. Katika saa ya nne, Yueh-tao aliinua shuka akaona ukingo wa pua umekuwa mweupe.

"Daktari, mpira unambana pua," alisema. "Naomba dakika moja tuulegeze."

Daktari hakuinua kichwa. "Nimeshika mshipa mwembamba kama uzi, wewe unaniletea habari za pua. Baadaye, dada."

Hakuomba tena. Mimi sikuomba hata mara moja.

Kesho yake tundu la kushoto la pua lilikuwa jeusi. Wiki ya tatu ile nyama ilidondoka. Binti wa Bwana Kang, Pei-shan, alitusimamisha kwenye korido.

"Sista, saratani ya baba ilikuwa shavuni. Pua yake ilikosa nini?"

Alikuwa ameshaambiwa kwamba ni ugonjwa tu. Hata fomu ya siku ya upasuaji ilisema ngozi ilikuwa salama, na chini yake ilikuwa sahihi ya Yueh-tao. Nilitazama sakafu. Yueh-tao alimtazama yule binti.

"Si ugonjwa, mwanangu. Ni mpira wetu. Niliuona unambana, nikasema mara moja, nikanyamaza. Ile fomu niliisaini, na ni ya uongo."

Wiki iliyofuata alihamishiwa chini ya jengo, kuosha vyombo vya upasuaji. Ndiyo hiyo miezi kumi na moja. Hakuna aliyemtetea. Siku moja nilimpelekea chakula, nikakiacha mlangoni nikaondoka, kwa kuogopa kuonekana.

Bwana Kang aliishi miaka miwili tu. Hakuivua barakoa mbele ya watu. Kwenye karamu ya harusi ya Pei-shan sahani zilipita mbele yake moja baada ya nyingine, naye akawa anasema, "Nitakula nyumbani." Kisha saratani ikarudi. Yueh-tao alikwenda mazishini. Mjane alimgeuzia mgongo. Pei-shan akampa kijiti cha ubani cha kumwombea marehemu, akamsogezea nafasi.

Kabla ya mazishi hayo, miezi kumi na moja ilipotimia, Yueh-tao alikuwa amerudishwa vyumba vya upasuaji, lakini si kwa huruma. Mgonjwa mwingine alikuwa ametoka na kidonda kwenye paji la uso, na safari hii familia ilikuwa na wakili. Yueh-tao akataka masharti yake yakubaliwe kwanza: kila saa kazi isimame dakika moja, kila kinachogusa ngozi kiinuliwe na kukaguliwa, yaani mpira, nyaya na neli ya mkojo; sponji laini itangulie chini yake; na fomu isainiwe na watu wawili. Madaktari wapya aliwalaza mezani akawafunga mpira puani kwa dakika arobaini. Mmoja wao, ambaye leo ni mkuu wetu, alishindwa katika dakika ya kumi na nane.

"Dada, nifungue. Nimeelewa."

"Mgonjwa hawezi kusema hivyo. Lala."

Nilitaka kuandika kwamba vidonda vya aina hii vimekwisha hapa kwetu. Yueh-tao alikataa. Mwaka jana vilikuwa tisa, na wagonjwa wote tisa amewatembelea majumbani kwao.

Mwezi uliopita nilimfuata Pei-shan kumwomba ruhusa ya kumtaja baba yake. Nilimwambia pia, baada ya miaka ishirini na mitano, kwamba aliyeufunga mpira ule ni mimi.

"Nilijua," alisema. "Dada Yueh-tao hakunitajia mtu. Ila kila nilipokuja kumwona baba, wewe ndiye uliyekuwa unanipita bila kunitazama." Kisha akasema, "Andika. Jina la baba liandike lote."

Dada Yueh-tao, tunakushukuru, na mimi nakuomba radhi. Tunakutakia siku ndefu zenye afya, na usingizi ambao kazi hii ilikunyima.

Weng Su-chen, Muuguzi wa Usingizi