Jabez Fennimore, Aliyeonja Hewa ya Wagonjwa

Marehemu Jabez Fennimore alizaliwa Bedminster, Bristol, tarehe 9 Machi 1779, mtoto wa nne wa fundi wa kupuliza chupa za kioo. Alisoma miaka minne shule ya kanisa, akajua kusoma Zaburi na kuandika jina lake, kisha akamfuata baba yake tanuruni.

Mwaka 1799 aliajiriwa katika nyumba ya madaktari waliotibu kifua kwa kuwavutisha wagonjwa hewa yenye kulevya na kuchekesha. Alichemsha chumvi ya dawa, akaisafisha majini hewa iliyotoka humo na kuijaza katika mifuko ya hariri. Hewa hiyo ikiharibika huua, kwa hiyo kila mfuko Jabez aliuonja kwanza yeye. Hakuna mgonjwa aliyedhurika mkononi mwake. Aliyenaswa na ulevi wake ni yeye. Nyumba ile ilipofungwa, alirudi kwenye chupa, lakini hewa akawa anajitengenezea bandani.

Alimwoa Keturah Lovell tarehe 12 Mei 1811. Siku moja Keturah alimkuta humo bandani, midomo imekuwa ya bluu, anacheka peke yake.

“Wacheka nini, mume wangu?”

“Sijui. Na kuacha siwezi.”

Binti yao Dorcas alipozaliwa, mwaka 1814, Jabez alimpa mkewe nyundo. “Ivunje wewe hiyo mitungi ya hewa bandani, Mama Dorcas. Mikono yangu inakataa.” Keturah akaivunja yote. Jabez hakuigusa hewa tena, ila kiu haikumtoka. Akifika karibu na duka la dawa, palipouzwa chumvi ile, alivuka barabara, na wenzake wa tanuruni wakimtania: “Kimbia, Jabez, duka linakuita!” Naye alicheka nao, huku anakimbia kweli.

Mwezi uliopita gurudumu la mkokoteni lilimponda mguu, ukaoza. Daktari alileta mvuke mpya wa etha. “Mzee, utalala tu. Msumeno hutausikia.”

“Nitaamka mtumwa, Daktari. Nikateni hivi hivi.”

Keturah alilia. “Baba Dorcas, vuta! Mungu hatakuhesabia.”

“Najua, mke wangu. Lakini mimi najijua. Nipe mkono.”

Alikatwa Alhamisi tarehe 3 Juni 1847. Alama za vidole vyake zingali mkononi mwa mkewe. Homa ilimchukua Jumapili asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane.

Ameacha mjane, binti mmoja na wajukuu watatu.

Bwana, mpokee mtumishi wako apumzike. Amekuja kwako akiwa macho.